Godoro la Mzee Asiye na Mtu

Dirisha ninapopigia pasi nguo za watu, ghorofa ya kwanza, linatazamana na mlango wa Mzee Pamba. Kati yetu ipo njia nyembamba; mikokoteni miwili ikikutana, lazima mmoja urudi nyuma. Kwa miaka mingi mlango ule haukuwa ukifungwa mchana, maana vumbi la pamba linataka pa kutokea, nami sifungi dirisha kwa sababu ya joto la pasi. Basi tuliishi tukionana hivyo, kila mtu na kazi yake, bila kusemezana sana. Mimi ni mtu wa kutazama. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, na akipiga simu huniuliza, "Haya, redio ya dirishani, mtaani kuna habari gani?" Namweleza, anacheka, kisha mtandao unakatika.

Jina la kweli la Mzee Pamba sijawahi kulisikia likitamkwa. Alikuwa fundi wa magodoro, na pamba ilimkaa kwenye nyusi, masikioni na ndevuni tangu akiwa kijana, hata watu hawakujua ni lini hasa alizeeka. Kazi alifundishwa na mjomba wake. Huketi sakafuni, mguu mmoja ameukunja, akaichapa pamba kwa fimbo mbili nyembamba mpaka iumuke kama unga uliotiwa hamira. Kisha huijaza kwenye kitambaa kizito cha mistari na kuishona kwa sindano ndefu, fundo hapa na fundo pale, ili pamba isikimbie. Zamani mtaa mzima ulilala juu ya kazi yake. Siku hizi watu wananunua sponji dukani. Yeye amebaki na mito, na wale wachache wenye magodoro ya zamani wanaompelekea ayafumue, aichape pamba upya na kuyashona tena.

Mwaka juzi nilimpelekea langu. Alilitandaza, akalipapasa kwa kiganja kama mkunga anayepapasa tumbo.

"Mama Karani," akasema, "upande huu umekufa. Upande huu mpya kabisa."

"Ndiyo, mzee."

"Nikugeuzie, ulalie huu wa pili?"

"Geuza."

Hakuongeza neno, na habari ile sikuisikia ikizunguka mtaani. Ndipo nilipojua kwamba mtu yule anayajua ya vyumba vya watu wote na hasemi. Yake mwenyewe hakuna aliyeyajua. Mkewe alifariki kabla sisi hatujahamia hapa. Binti yake mmoja aliolewa mbali. Hupiga simu sikukuu, na mzee hupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, "Nipo. Mzima. Sihitaji kitu." Wakishaagana huiweka simu juu ya goti, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza nayo.

Karani ni kitindamimba wangu. Kaka zake wote wameondoka, kila mmoja na maisha yake, tumebaki wawili na pasi. Anaitwa Karani kwa sababu tangu alipojua kushika kalamu anampangia kila mtu kazi, hata baba yake kwenye simu. Siku moja nilimtuma kwa Mzee Pamba akachukue mto. Alirudi ameukumbatia, akasimama karibu na meza yangu.

"Mama, Babu Pamba analala juu ya mbao."

"Mbao gani?"

"Kitanda chake ni mbao na magunia. Nimemkuta amelala, ameushika ukuta hivi." Akaweka kiganja chake ukutani anionyeshe. "Mbona yeye hana godoro?"

"Mfinyanzi hulia gaeni," nikasema, nikaendelea na kola ya shati la watu.

"Hilo si jibu, mama. Hiyo ni methali."

Haikupita wiki, shule zikafungwa, na mwalimu wao akawapa kazi ya likizo. Wajikusanye wachache wachache, wamtafute mtu wa karibu mwenye shida, wachangishe, wamsaidie. Akawapa masharti mawili. La kwanza, jina la anayesaidiwa lisitajwe, asije akaaibika kabla hajasaidika. La pili, mlango wowote usirukwe, uwe wa tajiri au wa maskini, maana anayerukwa naye huumia. Masharti mazuri yote mawili. Hakuna aliyefikiria siku yatakapokutana kwenye mlango mmoja.

Kundi la Karani lilikuwa la watu watatu. Yeye mwenyewe, mtoto wa fundi baiskeli tunayemwita Breki, na mdogo wake Breki, kasichana kadogo kanakoitwa Kisoda. Karani alikwisha kumpata mzee wa kusaidiwa. Walichukua kopo la maziwa ya unga, wakatoboa kifuniko. Karani alisema hakuna kuomba bure, kwa hiyo walikwenda na brashi ya viatu, ufagio na ndoo. Wakifika mlangoni wanang'arisha viatu au wanafagia ngazi, kisha ndipo kopo linatolewa.

Fundi viatu aliwakuta wanapiga brashi viatu vya mteja wake. "Kwa hiyo mnaninyang'anya kazi, halafu mnanitaka mchango?" akawauliza. Breki akamjibu, "Ndiyo, mjomba." Fundi alicheka, akatumbukiza.

Na mama mmoja wa ghorofa ya juu, mwenye nyumba iliyojaa watu, akawaambia, "Mzee hana mtu? Mwambieni aje kwangu achague. Ninao wa kumpa hata leo."

Mimi nilikuwa na yangu ya kuhofia. Mbwa. Magari. Watu wenye maneno makali kwa watoto wa watu. Kila jioni sikuzima pasi mpaka niwaone wanatokea pale pembeni, kopo likilia kama njuga. Karani akiingia ananiambia, "Mama, umetutazama tena," nami namwambia nilikuwa natazama mvua.

Asubuhi moja Karani na Breki walikawia ngazini kwa fundi viatu wanamalizia kufagia, na Kisoda akapewa kopo alitangulize. Nilimwona anakuja mbio na njia. Nilimwona anaupita mlango wa muuza mkaa, ambako walikwishapita jana. Mlango uliofuata ulikuwa wa Mzee Pamba, na ulikuwa wazi. Nilitaka kumwita, lakini mikono yangu ilikuwa juu ya shati jeupe la watu, na mpaka niiweke pasi wima, mtoto ameshaingia.

"Hodi, babu. Tunamchangia mzee hana mtu."

Kwa upana wa njia yetu kila neno linafika dirishani.

"Mzee gani?"

"Hatusemi jina. Analala juu ya mbao."

Fimbo za pamba zikanyamaza.

"Juu ya mbao? Mtaa huu huu?"

"Huu huu, babu."

"Na sisi tupo," akasema Mzee Pamba taratibu. "Tupo tu, tunapita mlangoni kwake."

Nikasikia anachotumbukiza kikigonga chini ya kopo. Karani na Breki walifika wakihema, wakagota kizingitini. Nilimwona mwanangu akigeuza shingo kulitazama dirisha langu, na sikujua nimfanyie ishara gani.

"Mnataka kumnunulia nini huyo mzee?"

"Godoro, babu," Karani akasema kwa sauti ndogo.

"La wapi?"

"La sponji. La dukani."

"Mzee wa watu mumlaze juu ya sponji, mgongo umalizike? Nileteeni kitambaa tu. Pamba yangu, mkono wangu. Huo ndio mchango wangu mimi."

Walivuka njia wakapanda kwangu wote watatu, wakasimama wamejipanga kama watu waliovunja kitu.

"Mkamjibuje?" nikawauliza.

"Tukasema asante," Breki akasema.

"Wewe ungesema nini, mama?" akauliza Karani.

Nikasema nitakwenda mimi kesho, nimweleze kiutu uzima.

Kesho yake nilivuka njia, maneno nimeyapanga. Nilimkuta amepunguza ndevu. Alikuwa ametandaza chini pamba yake nzuri, ile aliyokuwa akiiweka kwenye gunia la juu akingoja mteja wa maana, na alikuwa anaichapa huku akiimba kwa pua. Sijawahi kumsikia akiimba kabla ya siku ile. Hata hakungoja nimsalimie vizuri.

"Mama Karani, wewe huyo mzee si umemwona?"

"Nimemwona."

"Mrefu?"

"Wa kimo chako, mzee."

"Ana maneno mengi?"

"Hana."

"Afadhali. Nami sina. Tutakaa tu."

"Mtakaa?"

"Nitakuwa nakwenda Jumamosi," akasema. "Mtu asiye na mtu, ukimpa godoro ukaenda zako, umempa pa kulilia. Nitachukua redio. Kama anapenda mpira tutasikiliza mpira. Kama hapendi tutazima."

Nikamwambia kazi njema, nikarudi kwenye pasi yangu na maneno yangu yote.

Siku zile za likizo zilikuwa hivyo. Nikivuka njia nimwambie, ananiuliza jambo jingine juu ya rafiki yake. Anakunywa chai ya sukari au kavu? Anasikia vizuri? Alikuwa na kazi gani? Hapo nikasema, "Fundi, nafikiri," na akafurahi, akasema fundi kwa fundi hawakosi la kuzungumza. Kila jibu nililompa lilikuwa kweli, na kila jibu lilimfanya yule mzee azidi kuwa mtu. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemuua mtu ambaye yeye alikwisha kumpenda. Nisipomwambia, siku ya kulipeleka godoro inakuja. Karani akaanza kuchezea sahani.

"Mama, mwambie wewe."

"Si nyinyi mliomwambia asante?"

"Wewe ni mtu mzima."

"Najua."

Kitambaa walichonunua kilikuwa cha mistari ya buluu. Mzee Pamba alikikata kipana. Karani alikuwa pale, akashindwa kujizuia. "Babu, ni mtu mmoja tu."

"Leo," mzee akasema. "Unajua la kesho? Sindano hiyo, nipe. Kwani analala upande gani?"

"Ukutani, babu. Anaushika ukuta."

"Ndivyo walivyo wasio na mtu. Ukuta hauhami." Akaongeza konzi ya pamba upande ule, akaipigapiga kwa kiganja ikae.

Kwa baadhi ya vipande vilivyobaki alishona mto mdogo wa kukalia, mraba, mgumu kidogo. Nilipomuuliza ni wa nini, akasema ni wa kwake yeye, wa kwendea kwa mwenzake, maana mtu anayelala juu ya mbao bila shaka hata kiti hana, na mgeni mwema haji kumtia mwenyeji aibu ya kutafuta kiti.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, alilikunja godoro akalifunga kamba. Alioga, akavaa shati ambalo mimi mwenyewe nililinyoosha siku iliyotangulia na kukataa malipo. Breki na Karani wakalibeba godoro mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma. Kisoda alipewa blanketi walilonunua kwa chenji ya kitambaa. Mzee Pamba mwenyewe alibeba redio mkono mmoja, na ule mto kwapani.

"Haya, tangulieni," akawaambia. "Nyinyi ndio mnaojua njia."

Niliwatazama wakishika njia kwenda kushoto. Nilijua hawana pa kwenda. Nikaendelea kupiga pasi shati lile lile. Baada ya muda wakatokea kulia, wamezunguka majengo yote, wakapita chini ya dirisha langu bila kuniangalia, mzee nyuma yao anatembea kwa heshima kama anakwenda kuposa. Wakaenda tena kushoto. Walipotokea mara nyingine shingo ya Breki ilikuwa imelala upande, na Karani alikuwa anatembea macho chini. Niliizima pasi, nikashuka.

Nilipofika njiani walikuwa wamesimama. Mzee alinigeukia kwa uso wa utani.

"Mama Karani, makarani wako wamepotea. Mtaa wao wenyewe."

"Hawajapotea, mzee," nikasema. Na hapo ndipo maneno yangu yalipoishia.

Kisoda ndiye aliyemaliza. Alikuwa amechoka, blanketi limemzidi kimo. Aliliburuta mpaka kwenye kizingiti cha Mzee Pamba, akaketi juu yake. "Mimi siendi tena," akasema. "Si ni hapa hapa tu?"

Muuza mkaa aliacha kupima mkaa wake. Mzee Pamba alimtazama Kisoda, akautazama mlango wake, akalitazama lile godoro mabegani mwa watoto.

"Analala ukutani," akasema.

"Ndiyo, babu," Karani akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

"Hakuna mzee mwingine?"

"Hakuna, babu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa msiba ambao jamaa zake walikwisha kuujua. Nilingoja akasirike, na ningeshukuru kama angekasirika. Badala yake alilichukua godoro begani kwa Breki, akaliegemeza ukutani, akamshika mwanangu kichwa.

"Kazi mmeifanya vizuri," akasema. "Mwambieni mwalimu wenu mzee amepokea. Godoro zuri, ningelilipia." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe ulisema hana maneno mengi."

"Nilisema."

"Umesema kweli."

Akaliingiza godoro peke yake, akarudi akachukua redio, kisha mto, kisha blanketi, maana Kisoda alikwisha kuinuka. Akafunga mlango. Ilikuwa mchana mweupe, na mimi sijawahi kuuona mlango ule umefungwa mchana.

Jioni nilisikia nyundo. Godoro lilikuwa pana kuliko mbao zake, nadhani alikuwa anaongeza ubao.

Shule zikafunguliwa. Karani alisimama mbele ya darasa akasema mzee wao amepokea godoro, wakapigiwa makofi, na aliporudi nyumbani hakunieleza zaidi ya hapo. Mume wangu alipiga simu akauliza habari za mtaani, nikasema hakuna. Mlango wa Mzee Pamba ulifunguliwa tena siku ya tatu, lakini mbele yake alikuwa ametundika pazia. La mistari ya buluu. Alilishona kwa kilichobaki. Vumbi lilitokea chini yake, na sauti ya fimbo, na basi. Nilikaa dirishani na mashati ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa sikuwa na wa kumtazama. Ndipo nilipohisi jinsi chumba changu kilivyo kimya Karani akiwa shuleni. Sikujua kwamba fimbo zile na mkono ule ukipanda na kushuka ndivyo vilivyokuwa vikinifanya nisihesabu saa.

Nilikaa hivyo wiki kadhaa. Jumamosi moja nilichukua mto wangu, nikavuka njia. Mlango unaweza kuugonga, akatoka mtu, ukasingizia lolote. Pazia haligongwi, lazima utumie sauti yako.

"Hodi."

Fimbo zikanyamaza. "Nani?"

"Mimi, Mama Karani."

Akasema niingie.

Aliuchukua mto wangu, akaubonyeza, akaugeuza. "Mto huu mzima," akasema. "Hauna kasoro."

"Najua, mzee."

"Sasa unataka niufanye nini?"

"Usiufanye kitu. Jumamosi leo."

Nilikuwa tayari kuambiwa nirudi kwangu. Kisha akavuta ule mto mraba kutoka chini ya meza ya kukatia, akaupangusa vumbi kwa mkono, akauweka sakafuni upande wa pili wa pamba.

"Kalia huo," akasema. "Ni wa mgeni."

Akafungua redio. Ulikuwa mpira, na mimi siujui mpira, na yeye hakuniuliza kama naupenda. Tulikaa. Aliendelea kuchambua pamba ya mto wa mtu, nami nikachukua konzi nikachambua nilivyomwona akifanya miaka yote. Kitanda kilikuwa nyuma yake. Godoro lilikuwa limetandikwa vizuri, blanketi limekunjwa miguuni. Upande wa ukutani ulikuwa umeanza kubonyea. Ule wa nje ulikuwa mpya kabisa, kama ulivyotoka kwenye sindano, kama ule wa godoro langu.

Alijua nimeuona. Akaongeza sauti ya redio.